Walisema Ni Kifua

Wairimu alikuwa amekwisha kuagiza chai nilipofika. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi, na nilipomwona amekaa pembeni mwa mkahawa ule wa Dagoretti Corner, kilemba kimeshushwa hadi pale nyusi zilipokuwa zamani, nilijua kabla hajafungua kinywa. Nimeishi katika nyumba ya mama yake. Najua sura za watu wa nyumba ile ugonjwa unapoingia. Alinieleza kwa mzaha, maana hajui kueleza jambo kwa namna nyingine. Titi la kushoto limeenda, la kulia linachungwa, nywele zitarudi zikitaka. "Na wueh, Salma, hawa madaktari huuliza maswali! Kitambo, hata kabla ya hii kitu kutokea, nilienda kuuliza kama nipimwe mapema juu ya mathe. Wakauliza kwetu ni nani mwingine. Nikasema ni mathe tu. Shosho, mama ya mathe, alikufa na kifua, auntie Wangari pia alikuwa na kifua. Wakasema mtu mmoja, na alikuwa mtu mzima, pengine ni bahati mbaya. Nikaenda home nimetulia." Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia kifua hicho hakikuwa cha kukohoa.

Sikusema kwa ushujaa. Kama asingekuwa na binti, huyo Njeri aliye kidato cha pili, naogopa ningemaliza chai yangu, nikamwombea afueni na kwenda zangu. Wairimu alikoroga kikombe ambacho sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. Hakunitukana, na matusi ningeyapokea kwa shukrani. "Kwa hivyo uliskia, ukaniwekea siri?" Nikaanza kusema kwamba mama yake... akanikata. "Mathe namjua. Nakuuliza wewe." Akaangalia barabara, akaangalia mikono yake, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza fundi: "Si wewe huandika maisha ya watu? Andika hii. Vile mathe alisema, vile yule daktari wako Mchina alisema, na vile wewe ulisema. Njeri atasoma, na daktari wake atasoma." Ndiyo sababu naandika juu ya mwaka wa 2005, mwaka ambao kwa hiari yangu ningeuruka.

Mwaka huo nilikuwa na kazi ya kuchekesha: nilitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Daktari Wen alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kufanya kazi Unguja kwa miaka mingi, na lugha aliyoiokota huko aliisema kwa uangalifu, kila neno likiwa limepigwa pasi. Kliniki yake ilikuwa ghorofani katikati ya jiji, juu ya duka la sare za shule, vyumba viwili vilivyonuka magome yaliyochemshwa. Ukutani palikuwa na kabati la droo ndogo ndogo zilizojaa mizizi, maganda ya machungwa yaliyokauka, uyoga mgumu kama soli ya kiatu, na wadudu ambao wagonjwa hawakuambiwa habari zao. Mgonjwa aliingia akasema, "Daktari, tumbo imejam, na nafeel kuchomeka hapa side," na Daktari Wen akanigeukia kwa adabu: "Tumbo lake limefanya nini?" Limefunga, daktari. Naye aliposema, "Je, wapata choo asubuhi?" ilinibidi nimgeukie mgonjwa aliyedhani anaulizwa kama amepata nyumba yenye choo. Niliajiriwa kwa sababu ni mtoto wa pwani niliyekwisha kuzoea Nairobi, na niliringa nayo kazi ile. Nilijiona daraja. Sikujua kwamba daraja likipinda kidogo tu, anayeanguka si daraja.

Jioni nilirudi mtaa wa Satellite, kwa Mama Wairimu. Alikuwa na nyumba ya mawe mbele na safu ya vyumba vya kupangisha nyuma. Mimi nilipanga cha mwisho, karibu na kamba za nguo. Jiko langu lilikaa bila kuwashwa kwa sababu hakutaka kusikia habari ya msichana kula peke yake. "Salma, kuja ule. Wewe Mswahili unakula kama ndege, halafu mama yako atasema Wakikuyu wamekunyima." Jikoni mwake palikuwa na benchi lililong'aa kwa kukaliwa, redio iliyofungwa kwa raba, na githeri ya mahindi na maharagwe iliyokuwa tamu zaidi siku ya pili. Wapangaji walipita mlangoni wakibishana juu ya kura ya katiba mpya, huyu Chungwa wa kuikataa, yule Ndizi wa kuikubali, naye aliwajibu wote kwamba yeye atapigia kura matunda yote yaliyobaki. Wairimu alikuwa chuoni na alikuja Jumamosi na mfuko wa nguo chafu. Sisi wawili tulilala kitanda kimoja siku hizo, tukicheka mpaka mama yake agonge ukuta. Nilimpenda kama dada. Naliandika hilo hapa ingawa najua halinisaidii.

Uvimbe Mama Wairimu aliugundua akioga, akaufanya siri yake tangu Pasaka mpaka mvua zilipoisha. Aliniambia mimi kwanza kwa sababu nilifanya kazi "kwa daktari," kana kwamba ningeambukizwa elimu. Nilimsindikiza hospitali. Daktari wa pale alikuwa kijana, mpole, mwenye haraka. Alichora duara kwenye karatasi, akasema mwili ni chembechembe zinazofuata maagizo, na saratani ni maagizo yaliyoharibika mpaka chembe moja inasahau kufa na kuzaa nyingine zisizotii. Mara nyingi maagizo huharibika ukubwani, akasema, kwa umri au kwa bahati tu. Lakini wako watu wanaozaliwa na kasoro tayari, wameipokea kwa mama au kwa baba, na wanaweza kuwapa watoto wao. "Ndio maana nauliza, Mama. Mama yako, dada zako, kuna mwenye alikuwa na shida ya matiti?"

"Hapana," alisema. "Mama yangu alikufa na kifua. Dada yangu mkubwa, kifua."

"TB ilikuwa mob sana, kila boma, wakati huo," kijana akasema akiandika, na Mama Wairimu hakukubali wala hakukataa. Alitakiwa akatwe haraka. Tulipotoka nje alisimama kwenye kivuli cha ukuta akafunga vizuri leso yake ya kichwa. "Umesikia? Ati ni kitu ya kupokezana. Kama shamba." Kisha, baada ya hatua chache: "Nipeleke kwa huyo mama yako Mchina."

Daktari Wen hakuchora duara. Alimshika mkono kwa vidole vitatu, wa kushoto kisha wa kulia, akafumba macho kwa muda mrefu hata Mama Wairimu akanitazama kuuliza kama amelala. Akaangalia ulimi. Akauliza usingizi ukoje, miguu ni ya baridi au ya moto, machozi huja upesi au hayaji. Kisha akauliza, "Umemkasirikia nani?" Mama Wairimu alicheka, halafu akaanza kusimulia habari za shemeji zake na mpaka wa shamba, akasimulia mpaka sauti ikakwaruza, maana hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Daktari Wen akaeleza, nami nikaeleza maelezo yake. Kwa tiba yao, nguvu ya mwili hutembea kama maji mferejini. Hasira iliyomezwa huziba mfereji; maji yakisimama yanakuwa matope, matope yakikaa yanakuwa donge. Njia ya ini hupita kifuani, na ini ndilo linalobeba hasira. "Hospitali huuliza kitu gani kimeota," alisema. "Mimi nauliza pia ni udongo gani uliokikubali." Mama Wairimu aliitikia kwa kichwa kama yuko kanisani. Udongo aliujua.

Hapo ndipo daktari alipouliza, kwa mpangilio wake wa kawaida, wazazi walikufa kwa maradhi gani. "Mama ni kifua," Mama Wairimu akajibu upesi. "Na dada, kifua." Daktari Wen akainua kalamu. Unguja walimfundisha vizuri. "Kifua cha kukohoa, au cha ziwa?"

"Ziwa gani?" Mama Wairimu alinigeukia. "Sisi hatukukaa karibu na ziwa. Kwetu ni Limuru."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, na nikiwa bado nacheka nikamfafanulia: "Si ziwa la maji, Mama. Kwetu pwani ziwa ni titi. Anauliza matiti." Kicheko kiliniishia peke yangu. Mama Wairimu alitazama mlango kama umefungwa. Kisha akasema, si kwa daktari wala kwangu, kwamba ilikuwa matiti. Mama yake alikuwa akijifunga kitambaa na kukibadilisha nyuma ya ghala, watoto wakakatazwa kufika huko. Watu walipouliza, nyumba nzima iliambiwa iseme kifua, maana titi si neno la kusema mbele ya wanaume na wachungaji. Wangari naye alikufa hivyo hivyo, kichwani hana mvi hata moja. "Na si uongo," alisema. "Titi si iko kifuani?"

Daktari Wen aliandika herufi zake kwa muda. Nilimwuliza, kwa niaba ya uso wa Mama Wairimu, kama tiba yao inasema saratani hupokezwa. Akasema vitabu vyao vya kale havikujua hizo chembe wala maagizo yake. Walichosema ni kwamba kila mtoto hupewa na wazazi akiba ya uhai, nayo huwekwa kwenye figo. Mmoja hupewa nyingi, mwingine hupewa kidogo. Haiongezeki, lakini mtu anaweza kuitumia kwa adabu, alale mapema, ale vizuri, asichome roho yake, akaishi miaka mingi kwa akiba ndogo. "Mtu harithi donge. Hurithi akiba." Mama Wairimu alilikamata neno hilo kwa mikono miwili. Lakini daktari hakuishia hapo, na hili naliandika kwa sababu Wairimu ameagiza yote. Alisema, "Waambie hospitali habari ya mama na dada. Wao wana hesabu ya ukoo kuliko sisi. Na binti ajue." Akamalizia: "Hospitali wakate tawi. Mimi nitashika mzizi."

Jioni hiyo, akimenya viazi, Mama Wairimu aliniuliza maana ya tawi na mzizi, nami nikajibu bila kusita, nikiwa daraja. Nikasema hospitali hutoa kinachoonekana tu, lakini Daktari Wen anatibu chanzo. Mtu wa Nairobi akisikia hivyo amesikia nini? Tangu utoto aliambiwa kansa ina mizizi na ikiguswa na kisu husambaa. Sasa nimemwambia yupo daktari wa mizizi. Akachemsha dawa zile chungu katika sufuria yake nyeusi, akanywa akiwa ameziba pua, na kweli akapata usingizi, akapata hamu ya kula, akaimba tena na akina mama wenzake wa kanisa. Uvimbe nao ulikula. Alipokuja kliniki miezi ikiwa imepita, Daktari Wen alimpapasa kwapani, akanivuta chumba cha pili, na kwa mara ya kwanza akanipigia kelele. Kwa nini hajakatwa? Nikasema, daktari, ulisema unatibu mzizi. "Mzizi ni yeye!" alisema. "Mgonjwa ndiye mzizi. Uvimbe ndio tawi. Nilisema nitamtia nguvu wakimkata!" Nilimwambia Mama Wairimu ukweli huo siku hiyo hiyo, ngazini. Akanipangusa machozi kwa leso yake, yeye mgonjwa, na akaenda kukatwa ndani ya mwezi wa Ramadhani. Walikuta umefika mbali kwapani.

Sehemu hiyo Wairimu anaijua. Nilimweleza siku mama yake alipozikwa, akasema mathe angetafuta sababu nyingine, kisu alikiogopa tangu zamani. Amenisamehe, na msamaha wake nimeishi nao kama nguo ya kuazima. Nimesoma mengi tangu wakati huo. Najua leo kwamba kasoro ya kurithiwa hupimwa kwa damu kidogo, na mwenye kuijua huchungwa mapema. Najua pia kwamba magome yale hayangeliondoa donge lile, na mwenyewe aliyeyapima kwenye mizani hakuwahi kuniambia yangeliondoa. Sina ugomvi na tiba ya kijana yule wala ya Daktari Wen. Kila mmoja alishika upande wake wa mtu, na juu ya jambo moja wangekubaliana bila kujuana: binti aambiwe.

Nilielewa kwa nini Mama Wairimu aliipenda hasira kuliko damu. Alinieleza mwenyewe akiwa bado amefungwa bendeji, mkono wake haupandi. "Hasira ni yangu, Salma. Nikikufa inaisha. Lakini hiyo ya damu... Wairimu ataolewa, atapata msichana, watamwita Njeri kama mimi. Kwetu ukipewa jina ya mtu, ni yeye amerudi. Sasa narudi na nini? Mimi nilipewa jina ya shosho yangu, alikuwa mwanamke wa nguvu, alikufa amezeeka. Huyo mtoto nimpe jina na nimpe pia hii?" Nilikuwa nimefunga, kichwa chepesi, na machozi yalinijia nikaulaumu moshi. Waswahili wana methali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nimelelewa nayo, nilikuwa nayo kwenye ulimi, na sikuitoa. Nilimwonea huruma, na huruma ikakaa mahali pa akili.

Imebaki siku moja, ile ambayo pale Dagoretti Corner sikuisema. Wairimu anadhani mama yake aliniapisha. Nilimwacha adhani. Hakuniapisha.

Ilikuwa mchana wa Jumamosi, kura imekwisha kupigwa na Chungwa limeshinda, wapangaji bado wanataniana kwenye kamba za nguo. Wairimu alikuwa nje akifua, akiimba vibaya kwa makusudi ili mama yake acheke. Mimi nilikuwa nachambua majani ya malenge ya kuponda na viazi kwa mukimo, Mama Wairimu ameketi kwenye benchi akinielekeza, maana kazi ya mkono mmoja ilimkasirisha. Alikaa akimtazama binti yake kupitia mlangoni: mgongo ule, mikono ile, povu mpaka viwikoni. Kisha akasema polepole, "Salma. Daktari wako anasema nimwambie ya mama na Wangari. Hata wa hospitali angesema hivyo. Mimi sijui. Wewe ni age yake. Ungekuwa yeye, ungetaka kuambiwa?"

Aliniuliza kwa dhati. Alikuwa hajaamua, nilimwona hajaamua. Ningesema ndiyo, angemwita saa ile ile, Wairimu angeingia na mikono yake ya povu, na leo angekuwa na matiti yake mawili, au angalau angekuwa na miaka ya kujiandaa. Nami nilimtazama mwanamke yule aliyenilisha, jinsi alivyoshikilia ukingo wa benchi, nikaona jibu analolitamani, nikampa kama mtu anavyompa mgonjwa maji.

"Hapana, Mama," nikasema. "Mimi nisingetaka kujua."

Akavuta pumzi ndefu, mabega yakamshuka. "Basi. Nyinyi ndio mnajua mambo ya siku hizi," akasema, na akaonekana kijana kuliko nilivyopata kumwona mwaka ule wote. Wairimu akaingia akipangusa mikono kwenye sketi, akatutazama mmoja mmoja. "Na mnanong'ona nini nyinyi wawili?"

"Salma anasema majani ni kidogo," mama yake akajibu.

Wairimu akanigeukia mimi. Nikasema ndiyo, ni kidogo, na akatoka kwenda kuchuma mengine.